Daftari la Muvi za Mutuma

Jani la mgomba likipanguzwa kwa kitambaa chenye maji hutoa harufu ya nyasi mbichi iliyochanganyika na utomvu, na utomvu huo ukishaingia kwenye kucha hautoki hata kwa sabuni ya kipande. Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, vidole vyangu vilikuwa vyeusi kila Jumamosi. Kwetu Meru, nje kidogo ya Laare, msichana hapandi mti wa miraa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wavulana hupanda na kuchuma, wanaume hufunga vibunda kwa kamba za mgomba, na wasichana hupanguza majani ya kufungia vibunda hivyo ili miraa isinyauke kabla ya kumfikia mnunuzi. Basi nilikuwa nakaa kwenye kona ya banda la baba, mgongo umegusa bati, nikipanguza na kusikiliza. Kusikiliza nilikuwa naweza. Kuongea mbele za watu ndiko kulikonishinda. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu lilikuwa linafika kooni na kukaa hapo kama mwiba wa samaki, na mpaka leo nikiwa kidato cha nne bado linakaa hapo siku nyingine.

Kilichosikilizwa pale bandani ni muvi. Mikono ilifunga miraa lakini midomo ilikuwa kwenye kibanda cha video kule sokoni, chumba cha mabati chenye pazia la nailoni nyeusi mlangoni na viti vya mbao visivyo na migongo. Muvi zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Wazungu, lakini zote zilizungumza Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na msimulizi aliyeingiza sauti yake juu ya sauti za waigizaji na kuwapa watu wote majina ya huku kwetu. Mtu anapigwa teke huko Uchina na msimulizi anasema ameangukia shamba la majani chai. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ametukataza kibanda hicho kabisa. Mimi sikukanyaga. Kaka yangu Mutuma, aliyekuwa na miaka kumi na sita akiwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, alikanyaga mpaka wenye kibanda wakamjua kwa jina.

Hakuna mtu aliyesimulia muvi kama Mutuma. Alikuwa anaanza polepole, na kibunda chake kimefungwa nusu, akitaja hali ya hewa ya muvi, nguo za watu, mbwa aliyepita nyuma, halafu bila kuonya anakufikisha kwenye vita na wewe unajikuta umeacha kazi. Baba akipita, hadithi iligeuka kuwa ya mpira. Baba akienda, watu walirudi Uchina. Ikiisha, maoni yalianza, na hapo ndipo palikuwa na utamu. Kulikuwa na sheria. Aliyeona muvi ndiye mwenye neno, na asiyeona huuliza tu. Na juu ya sheria zote kulikuwa na ile inayojulikana kila mahali, kwamba stelingi, yule shujaa wa muvi, hafi. Adui anaweza kufa, rafiki wa stelingi lazima afe, lakini stelingi mwenyewe, hata akianguka kutoka ndegeni, utamkuta amening'inia kwenye mti akipanguza damu.

Mimi niliandika. Nilikuwa na daftari la kurasa tisini na sita lililobaki kutoka darasa la nne, na kila jioni kabla ya chakula nilijaza muvi za Mutuma. Nilipiga mistari kwa rula. Jina la muvi, siku, saa, stelingi ni nani, adui ni nani, na maoni ya Mutuma kwa maneno yake: kali, ya kawaida, ya kulala. Siku na saa nilimuuliza yeye mwenyewe, naye alinitajia huku akicheka, kwa sababu nani anaogopa mtoto wa kupanguza majani. Jumanne saa nane mchana. Alhamisi saa nane mchana. Hizo ndizo siku kibanda kilipata muvi mpya. Chini kabisa ya kila ukurasa niliandika maoni yangu mimi kwa penseli, kwa sababu penseli hufutika. Wakati mwingine hatukukubaliana na Mutuma hata kidogo, lakini hilo lilijulikana na daftari peke yake.

Halafu ikaja Jumamosi ya muvi ya daraja. Stelingi wa muvi hiyo alikuwa kijana anayelinda kijiji chake dhidi ya majambazi, na kati ya kijiji na majambazi kulikuwa na daraja la kamba juu ya bonde. Mwishoni majambazi wanavuka, stelingi yuko katikati ya daraja akipigana nao, na mama yake mzazi anachukua panga na kukata kamba. Wote wanaanguka. Kijiji kinapona. Mutuma alipofika hapo alirudi kufunga kibunda chake, na bandani ikasikika miraa tu ikipigwa kwenye goti.

"Hiyo ni uongo," akasema Koome, kijana aliyekuwa akimfungia baba vibunda, mtu wa maneno mengi. "Stelingi hafi. Huyo si stelingi, mlidanganywa."

"Nimemwona na macho yangu, Koome. Ameanguka mpaka chini."

"Basi wataleta sehemu ya pili. Kuna mti huko chini."

"Hakuna mti. Ni mawe."

"Na huyo mama ni adui," akasema Koome. "Mama wa kukata mtoto wake? Hata huku kwetu wazee wangemlisha kiapo."

Sijui kitu gani kilinisukuma. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimemwona yule mama vizuri kichwani mwangu, akiinua panga kwa mikono miwili. Nilisikia sauti yangu ikitoka, nyembamba kama ya mtu mwingine: "Labda stelingi ni mama."

Wote waligeuka. Nadhani baadhi yao hawakuwa wamewahi kunisikia. Kama Mutuma angesema "hebu endelea," ningekuwa mtu mwingine leo, au ndivyo ninavyojidanganya. Lakini alicheka. "Wewe Kendi, umeona muvi gani? Muvi ya masikio haina maoni. Panguza majani."

"Mwachie," akasema Koome, "huyo ndiye msimulizi mpya. Jumanne tutalipa tumsikilize yeye."

Walicheka wote, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, najua sasa. Kilikuwa kile kicheko cha kazini ambacho kinaisha mtu akiitisha maji ya kunywa. Lakini wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilipanguza majani mpaka yakapasuka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mutuma alikuwa anajua, yeye peke yake duniani, kwamba nilizijua muvi zake zote kuliko hao waliokuwa wakicheka. Aliniacha pale peke yangu.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Baada ya kanisa na baada ya chai, baba alikuwa na desturi ya kusaini madaftari yetu ya kazi ya nyumbani. Alikaa mezani, akavaa miwani, na sisi tukaweka madaftari mbele yake yakiwa yamepangwa, la hisabati juu, halafu Kiingereza, halafu Kiswahili, halafu sayansi. Baba alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kwa sababu hakuenda shule sana na aliiheshimu kama mtu anavyoheshimu nyumba ambayo hakuruhusiwa kuingia. Kwa miaka mingi nimeandika kwenye shajara zangu kwamba daftari la muvi liliingia katikati ya yale mengine kwa bahati mbaya. Nimeandika kwamba yalifanana, kwamba nilikuwa na haraka. Leo naandika ilivyokuwa. Nililichukua chini ya godoro, nikaliweka chini ya la Kiswahili, nikalinyoosha kona ili lisionekane tofauti.

Nilijiambia kwamba ni kwa faida yake. Ndiyo, hilo pia nilijiambia, kwamba baba atamgombeza na Mutuma atarudi kukaa darasani mchana, na kila kitu kitakuwa sawa. Sikutegemea zaidi ya kugombezwa. Nilitaka asikie aibu siku moja kama nilivyosikia mimi, basi.

Baba alifungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, hata mistari. Alisoma wa pili. Nje kuku walikuwa wakiparua nyuma ya jikoni. Alipofika katikati aliita, bila kupandisha sauti, "Mutuma. Jumanne saa nane mchana shule yenu huwa imefungwa?"

Mutuma aliliona daftari. Halafu aliniangalia mimi. Haikuwa hasira, na ingekuwa hasira ningeshukuru.

"Hapana, baba."

"Na Alhamisi?"

"Hapana."

Baba alihesabu kurasa kwa kidole, moja moja, kama mtu anayehesabu miche iliyokufa. Hakumpiga. Tulizoea kwamba baba akikasirika sana hapigi. Alitoa miwani, akaiweka juu ya daftari, akasema kwa Kimeru maneno ambayo kwa Kiswahili yanakuwa hivi: kama mchana wako ni wa muvi, basi asubuhi yako iwe ya miraa, kesho usivae yunifomu. Mama alimsihi jioni hiyo na kesho yake. Alijibu kwamba ni mpaka muhula uishe tu, kijana aonje uzito wa kazi, halafu atarudi akiwa na akili.

Lakini yeyote aliyekulia Laare angemwambia baba kwamba huo ni mtego. Huku kwetu mvulana haogopi kupelekwa kwa miti ya miraa, mvulana huomba apelekwe. Wiki ya tatu Mutuma alikuwa tayari anachumia watu wengine kwa malipo. Mwezi wa pili alikuwa na viatu vipya na alinyoa nywele kwa mtindo wa watu wazima. Muhula ulipoisha na baba akamnunulia sare mpya, Mutuma alilishika shati kwa vidole viwili. "Nirudi nikakae na watoto, baba? Wenzangu wameenda mbele." Baba aliyefunga mlango mwenyewe alianza kugonga. Alimwita mchungaji, alimwita mwalimu mkuu, siku moja nilimkuta ameketi bandani peke yake, sare ikiwa mapajani. Maji yalikuwa yamemwagika. Hakunilaumu mimi hata mara moja. Aliniambia, na hili ndilo lililonichoma kuliko fimbo, "Wewe ulifanya vizuri kuandika ukweli."

Siku hizi kibanda kile cha mabati kinauza mbolea. Muvi ziko kwenye simu, kila mtu na yake, masikio yamezibwa. Shuleni kwetu wasichana wakirudi kutoka likizo hukaa juu ya vitanda na kutoa maoni mpaka kengele ilie, nani alifaa kuolewa na nani, nani hakustahili kufa, na nikijikaza naongea na wao hunisikiliza. Wananiita jaji. Ni kitu nilichokitamani sana, na kila nikikipata nakumbuka lile daftari.

Likizo ya Aprili nilitumwa bandani nipeleke uji. Kabla sijafika nilisikia sauti nyuma ya migomba, nikasimama na birika mkononi. Ilikuwa ya Mutuma. Anaanza polepole, nguo za watu, mvua, mlango usiofungika vizuri. Nilijua kwamba mikono yote bandani imesimama. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimeamini kwamba aliacha mambo ya muvi, kwamba kazi ilimkausha, na nilikuwa nimehuzunika juu ya hilo kama mtu anavyohuzunika juu ya kitu kilichokufa chenyewe. Nilipotokea, alikatiza sentensi katikati. Akachukua kibunda. "Uji umefika," akasema. Koome, ambaye sasa ana watoto wawili, alimwambia amalizie. "Nimesahau mwisho," akajibu Mutuma.

Jioni ya siku hiyo nilimfuata alipokuwa akiosha pikipiki. Nilikuwa nimeandika maneno kwanza, kama kawaida yangu, lakini nilipofika kwake nilisema moja tu. "Lile daftari sikulisahau. Nililiweka."

Aliendelea kuosha tairi. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Wewe Kendi husahau kitu?"

"Na mbona hukusema?"

"Niseme nini? Yote ilikuwa ukweli. Hata ulipiga mistari na rula." Alicheka kidogo, akakamua kitambaa. Nilisubiri aseme amenisamehe, au hajanisamehe. Alimimina maji machafu kwenye migomba na kuingia ndani kula.

Hupita jamaa wakisema Mutuma amefanikiwa kuliko waliosoma, na pengine ni kweli. Ana pikipiki, ana shamba lake dogo, na mama hamwagi machozi tena. Sijui kupima kati ya hayo na dawati lake lililokaliwa na mtu mwingine. Ninachojua ni kwamba kaka yangu bado anaona muvi, bado anazisimulia kuliko mtu yeyote, na katika nyumba yote ni mimi peke yangu ambaye hanisimulii.