Mwendo wa Baba

Juzi nilimkuta binti yangu akinakili maneno ya Kiingereza ya namna za kutembea, na harufu ya korosho za kuchoma ikanirudia puani.

Alasiri moja, nikiwa bado mwanafunzi, baba alikuwa akizichoma uani kwetu Msambweni, na moshi ulikuwa umetanda hadi kwenye minazi. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mgeni kutoka bara, akapiga hodi akiwa na daftari langu mkononi. Katika insha nilikuwa nimeandika kwamba kila jioni baba hurudi nyumbani kwa "stagger". Nililipenda neno hilo kwa mlio wake, nikadhani maneno yote ya kutembea ni mamoja.

"Mzee, nimekuja kwa habari ya pombe," mwalimu alisema polepole, akaeleza kwamba neno lile ni kupepesuka kama mlevi.

Baba aliinamisha kichwa. "Mwalimu, wallahi sijapata kuionja."

Nilipoiona aibu yake nilianza kulia. Mwalimu akanitaka nimwonyeshe mwendo wenyewe. Nikauzunguka ua nikiuburuta mguu wa kushoto, kama baba alivyotembea tangu alipoanguka mnazini, kabla sijazaliwa.

"Basi hiyo ni 'limp'," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Kuchechemea. Ni mtu anayeumwa na mguu."

Alilikata neno langu daftarini, akamwomba baba radhi. Mimi nilibaki nimesimama. Siku zote nilidhani ule ulikuwa mwendo wake tu.

"Unauma, baba?"

"Kila siku, mwanangu," alijibu, akanifuta machozi.