Cheti cha Dada Awa Kilifia Kwangu

Nimekosa mimi. Nilitafuta wa kumsingizia, sikumpata.

Naishi Palma. Barazani kwangu nina kompyuta moja na mashine ya kopi, nawaandikia watu barua za kuomba kazi Afungi, kwenye mradi wa gesi. Kazi hii niliipenda kwa sababu moja kubwa: haitaki mtu atoke nje. Mimi na kutoka nje hatujazoeana.

Jirani yangu, dada Awa, alikimbia kutoka Mocímboa wakati wa vita. Nyumba iliungua, na vyeti vyake vyote. Kilichobaki ni picha ya certificado yake ya shule kwenye simu. Nikamhifadhia kwenye kompyuta yangu. Baadaye simu ikamtumbukia kisimani, akaja anacheka.

"Si picha ipo kwako, kaka?"

"Ipo! Kwangu ni benki."

Jamani! Benki!

Sasa, shangazi yangu alimwoza bintiye kule Quionga. Sikwenda, nilisema mgongo unauma. Na kwetu usipokwenda harusini, video inakufuata nyumbani. Shangazi akaja nayo kwenye peni, kile kidude cha kuchomeka, kilichokwisha kupita nyumba zote za ukoo.

Nilipoichomeka tu, programu ya kuzuia virusi ikapiga kelele.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasema kuna virusi, shangazi."

"Harusi ya mwanangu ndiyo virusi? Harusini hukuja, na video nayo unaikataa?"

Nikaizima ile programu. Mtu na décima segunda yangu, darasa la kumi na mbili nimemaliza! Tukatazama saa tatu nzima. Nikasifu kanga, nikasifu na pilau ambayo sikuila.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, mafaili yote yamefungwa. Katikati ya skrini pana barua ya Kiingereza, inadai pesa ili nifunguliwe. Angalau walianza kwa salamu.

Mtaniuliza, hukuwa na nakala pembeni? Ninayo! Diski nzuri tu, niliinunua kwa kazi hiyo. Ilikaa imechomekwa kwenye kompyuta ileile tangu siku niliyoinunua, maana kuichomoa lazima uinuke kitini. Nayo ikafungwa.

Mpaka hapo ni uzembe. Kosa lenyewe linakuja.

Siku hiyohiyo Awa akaingia anahema. "Kaka, Afungi wanatafuta wapishi! Mwisho Ijumaa. Nitolee certificado yangu."

Nikamjibu, "Energia hakuna, dada, umeme umekatika. Njoo kesho."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Nikasema ni ya betri.

Jumanne nikampigia fundi wa Pemba. Akaniambia, "Mafaili hayo yasahau, bosi." Awa alipokuja, nikasema wino umekwisha. Jumatano nikajifungia ndani, nikawa nakohoa ili asikie.

Alhamisi jioni nikamwambia kweli. Hakupiga kelele. Heri angepiga!

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ningepanda gari, kaka. Ningesimama mlangoni pa ofisi ya elimu Pemba mpaka wanipe segunda via, nakala mpya ya cheti. Sasa hivi nikimbilie wapi? Nilishawaambia watoto mama anapata kazi."

Nikamkaribisha chai. Chai!

Ijumaa ikapita. Wiki iliyofuata nilisafiri naye mpaka Pemba, mimi huyu ambaye sokoni natuma mtu. Cheti kipya alikipata. Kazi ilikuwa na wenyewe tayari, na Awa anaendelea kukaanga badjia kando ya barabara. Akitaka kopi, anapita mbele ya baraza langu, ananisalimia vizuri kabisa, anaenda kutoa kwa mwingine.

Wenzangu, peni ya mtu ikataeni hata ikiletwa na shangazi. Atanuna, kisha atapoa. Diski ya nakala ichomoeni, kuinuka hakuui. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie papo hapo, kabla hajamaliza kukusalimia.

Virusi vilikula picha tu. Siku nne za Awa nilizila mimi.