Hadithi ya Mbegu Aliyoomba Makokha

Pale Misikhu, ukisikia sauti ya Walubengo kwenye kipaza sauti asubuhi, hukuuliza kuna nini. Uliacha jembe ukasikiliza jina la aliyekufa. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akisimamia mazishi, kutoka Misikhu mpaka Kiminini, na siku zingine waliomjia walitoka mbali kama Suam. Shule aliachia darasa la saba. Lakini alijua nani aongee kabla ya nani, wakwe wakae upande gani, na mtu akilia sana ashikwe na nani. Wanasiasa aliwapa dakika mbili mbili, wawe wa chama cha Kinu ama cha Ngazi. Ikiisha, alikohoa. Wote walijua hicho kikohozi na wakakaa chini.

Kitu kingine watu walichompendea ni barua. Mtu akishindwa kufika mazishini hutuma barua ya rambirambi, na Walubengo hakusoma barua kama karani. Aliisoma kwa sauti ya mwenyewe. Ya mjomba mzee aliisoma kwa kutetemeka. Ya shemeji mwenye maringo aliisoma kidevu kikiwa juu. Watu walicheka katikati ya machozi wakasema, huyo ni yeye kabisa, ni kama amekuja.

Hapo ndipo alipoumia.

Mwezi wa tatu, kwenye mazishi fulani Kiminini, kulikuwa na barua ya mgombea wa Kinu. Walubengo alitangaza vizuri, barua hii imetoka kwa fulani. Kisha akaisoma kwa ile sauti nzito ya mgombea: "Mimi nawaambia ukweli. Ngazi imeoza. Nyumba hii na kijiji hiki chote, kura ni Kinu." Watu wakacheka, wengine wakaguna, programu ikaendelea.

Kesho yake Viola, mtoto wa dada yake aliyekuwa akikaa naye na kumwita khocha, yaani mjomba, alimletea simu jikoni.

"Khocha, uko Fesibuku."

Ni yeye, koti lake la kahawia, kipaza sauti mdomoni. Mimi nawaambia ukweli. Ngazi imeoza. Pale mwanzo alipotaja mwenye barua palikuwa pamekatwa. Sekunde kumi na moja. Ukurasa uliojiita Bungoma Moto Leo ulikuwa umeandika juu yake: MC WA MATANGA AUZA MAITI KWA KINU.

"Wanasema nini hapo chini?"

"Wacha tu, khocha."

"Soma."

"Ati umekula ngapi. Mwingine anasema mtu akikualika kwa mazishi, ahesabu maiti kama bado iko kwa sanduku."

Walubengo aliendelea kunywa chai yake. Viola alimrekodi akieleza yote pole pole, kwamba hayo maneno yalikuwa ya barua. Wakaweka mtandaoni. Ile ya sekunde kumi na moja ilikuwa imeshatazamwa na watu elfu arobaini. Hii ya kueleza ilitazamwa na watu thelathini na wanne, na Viola alipohesabu, nusu yao walikuwa watu wa kwao.

Baada ya hapo familia mbili zilimwambia tumepata mtu mwingine. Moja ilikuwa ya Kinu. Walisema wanaogopa watu watafikiri wamemnunua. Walubengo alisema sawa. Aliwaambia wote sawa. Asubuhi alikama ng'ombe, jioni alitoa betri kwenye kipaza sauti akaziweka tena.

Makokha peke yake ndiye alicheka. Huyu alikuwa bakoki wake, maana walitahiriwa pamoja Agosti, mwaka wa themanini na sita, na kwao bakoki anaweza kukuambia kitu ambacho ndugu yako hawezi. Makokha alikuwa amelala kitandani miezi minne, sukari imemkula mguu. Walubengo alipoenda kumwona, alimkuta amelala akiangalia dari.

"Bakoki, nimekuona kwa simu," Makokha akasema. "Sasa na wewe umepandishwa rori."

Hii ya lori ilikuwa ya zamani. Mwaka fulani wa uchaguzi, Makokha aliamka mapema kwenda Kitale kununua mbegu ya mahindi. Lori likasimama barabarani, watu ndani wanaimba, akapanda. Hakuuliza. Akasinzia. Alipoamka lilikuwa limeshageuka, liko Bungoma uwanjani. Watu walishushwa, wakavishwa fulana za Ngazi, na yeye kwa urefu wake akavutwa jukwaani. Bwana mkubwa mmoja akamshika mkono akausimamisha juu: huyu hapa mwenyekiti wa Kinu kule Misikhu, ameona mwanga, amehama! Makofi yakalia. Wakampa maiki aseme neno. Makokha akaishika, akaangalia ule umati wote, akasema pole pole kama anavyosema kila kitu: "Mimi nirikuwa naenda kununua mbegu."

Uwanja ulicheka mpaka bwana mkubwa naye akacheka. Fulana ile Makokha alilimia miaka sita.

"Siku yangu, hii ya mbegu utaisema," Makokha alimwambia pale kitandani. "Useme na sauti yangu. Usiniretee hizo za kuzariwa na kubatizwa peke yake. Wacha watu wacheke nikienda."

"Nitasema."

"Apa."

"Kwani mimi nimekuwa mwanasiasa niape? Nimesema nitasema."

Wiki mbili baadaye Makokha akafa.

Kamati ya mazishi ilikaa nyuma ya nyumba. Hesbon, mtoto wa kwanza wa Makokha, ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa kijana mzuri, mwenye haya, na aliongea na Walubengo akiangalia viatu vyake.

"Mzee, si kwa ubaya. Wewe ni baba yetu. Lakini mheshimiwa wa Ngazi ndiye ametupatia gari la maiti na mahema. Watu wake wamepiga simu wakauliza ni nani atashika maiki."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia tutarudi kwao."

Sellah, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Watu walidhani hasikii.

"Marehemu alisema ni Walubengo," akasema. "Kama gari lao haliwezi kubeba mtu wangu kwa sababu ya Walubengo, walirudishe. Tutambeba na mabega."

Wakakubaliana hivi: kijana wa kutoka Kitale, mwenye spika kubwa, ataendesha programu. Walubengo atapewa nafasi moja, asome historia ya marehemu.

Hesbon alimsindikiza mpaka njiani. "Mzee, soma tu ile imeandikwa, si ndiyo? Usiongeze."

"Nimesikia."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mheshimiwa alikuja na magari manne akakaa hema la mbele. Upande wa pili kulikuwa na watu wa Kinu, nao walikuja, kwa sababu mazishi hayafukuzi mtu. Kijana wa Kitale akaita: "Sasa tupate historia ya mzee wetu, fupi, fupi, kutoka kwa Mzee Walubengo!"

Walubengo akasimama kando ya jeneza. Karatasi ilikuwa mkononi. Hadithi ya mbegu ilikuwa mdomoni, hata lile neno la kwanza. Akainua macho.

Simu zilikuwa zimeinuliwa. Hema la mbele, hema la nyuma, watoto juu ya ukuta. Hakuwahi kuona simu nyingi hivyo zikimngoja. Akafikiria: Mimi. Nikisema mimi kwa sauti ya Makokha, wataanzia hapo. Nikisema Ngazi, wataanzia hapo. Nikisema amehama, wataishia hapo. Aliipitia hadithi yote kichwani, kipande kwa kipande, akitafuta mahali ambapo kisu hakiwezi kuingia. Hakupaona.

Akasoma.

"Makokha alizaliwa Misikhu. Makokha alisoma mpaka darasa la tano. Makokha alioa Sellah. Makokha alipata watoto sita."

Kila sentensi aliipa jina la marehemu, hata mahali karatasi haikuwa nalo, ili mtu akikata popote, apate Makokha tu. "Makokha alilima mahindi. Makokha alinunua mbegu Kitale."

Hapo akanyamaza. Wazee wawili waliokuwa Bungoma siku ile ya lori wakaanza kutabasamu, wakajiweka vizuri kwenye viti, wakingoja. Sellah naye akainua kichwa. Mwanamume mmoja kutoka nyuma akapiga kelele, "Endelea, bana! Alinunua ama hakununua?"

Watu wachache wakacheka. Walubengo akaangalia karatasi.

"Makokha alinunua mbegu kila mwaka. Makokha aliugua. Makokha amepumzika."

Akakunja karatasi akakaa. Hakuna aliyecheka tena, hakuna aliyelia. Kijana wa Kitale akasema asante mzee, umetunza wakati, kisha akamwita mheshimiwa. Mheshimiwa aliongea dakika ishirini na tano. Hakuna aliyekohoa.

Jioni, mahema yalipokuwa yakishushwa, Sellah alimletea chai mwenyewe, akakaa kando yake.

"Ya mbegu hukusema."

"Sikusema."

"Ulisahau?"

"Hapana, mayi wa Hesbon. Sikusahau."

Sellah aliangalia kaburi. "Nilikuwa nimewaambia watoto waingojee," akasema. Halafu akainuka, kwa sababu wageni walikuwa wakiaga.

Walubengo alitembea kwenda nyumbani na Viola. Viola alikuwa na simu mkononi, anapekua.

"Wameniweka?" Walubengo akamwuliza.

"Wameweka mheshimiwa. Wewe unaonekana nyuma kidogo, umekaa."

"Nasema nini?"

"Husemi kitu, khocha."

"Afadhali," akasema.

Nyumbani aliketi kwenye stuli, akavuta kipaza sauti kutoka chini ya kitanda na kutoa betri, zote sita, moja moja. Alimpa Viola azitie kwenye redio. Viola akauliza kama hatazihitaji kesho. Akasema redio imekaa bila sauti siku nyingi, weka.