Doto Aliyefutwa

Imakulata hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika huvua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, na waliomzoea pale mtaani Chemchem, Tabora, wanajua kwamba hapo ndipo pa kunyamaza. Alhamisi ile, katika ukumbi wa parokia, aliifuta mara tatu.

Miaka ishirini na sita alikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika cha tumbaku. Alipostaafu alirudia karanga zake kule shambani Ntalikwa, vidole vikakaa bila kazi mpaka mwaka juzi, ilipotangazwa kanisani kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea. Vitabu vya ubatizo vya zamani vilikuwa vimepigwa picha. Kazi ni kuzisoma zile picha na kuandika majina kwenye kompyuta, ili mtu anayetafuta wazee wake awapate. Siku ya kwanza walijaa, maana kulikuwa na soda. Soda ilipokoma walibaki watatu: Imakulata, Mathias fundi baiskeli, na Recheli, ambaye ni Mmoraviani, lakini alisema marehemu hawajamuuliza anasali wapi.

Si kazi nyepesi hiyo. Mapadri wa zamani waliandika Kilatini kwa mwandiko wa kulala, wino umegeuka rangi ya chai, na mchwa nao walikwishapita. Ukurasa mmoja ulimchukua Imakulata asubuhi tatu. Lakini aliokuwa akiusubiri yeye ni ule wa tarehe kumi na tano Agosti 1909, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Siku hiyo walibatizwa mapacha wa kike wa Luhende, mpagazi. Padri aliandika pembeni kwamba baba hayupo, amekwenda pwani na mzigo. Na kwa kuwa sikukuu ni ya Maria, watoto wote wawili wakapewa Maria. Kilichowatenganisha ni jina la nyumbani tu: aliyetangulia Kulwa, aliyefuata Doto.

Huyo Doto ndiye aliyemzaa mama yake Imakulata. Siku ile jina lake aliliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akamwambia Recheli ni baridi.

Basi, Alhamisi hiyo akaja Octavian, msimamizi wa mradi kutoka Dar, kijana mpole, shati limepigwa pasi, ana vyeti vya shukrani mkononi. Akaamkia, akaketi, akawasifu, akamwekea kila mmoja cheti chake mezani. Akasema kazi ya Tabora imesafishwa vizuri, mistari arobaini na mmoja iliyorudiwa imeondolewa.

"Iliyorudiwa kivipi?" Imakulata akauliza.

"Mtu mmoja kaandikwa mara mbili, mama. Uchovu tu. Ni jambo la kawaida."

Imakulata akavuta kompyuta, akatafuta 1909. Akamkuta Maria binti Luhende. Mmoja. Chini yake ameshaingia mtoto wa watu wengine.

Ilikuwa hivi. Kwenye kompyuta hakuna kisanduku cha jina la nyumbani. Wakaguzi, ambao wako ng'ambo, waliyaona majina ya Kulwa na Doto kama ya utani, wakayatoa, wakaweka jina la baba. Ikabaki mistari miwili inayofanana, wakafuta mmoja.

"Hawa ni mapacha," akasema Imakulata. "Huyo aliyefutwa ni bibi yangu."

Octavian akainama kuangalia picha, uso ukambadilika. "Kweli, mama. Mimi sikuitazama picha. Lakini wakaguzi wanachoona ni tarehe moja, jina moja, baba mmoja, mama mmoja."

"Ndiyo maana ya pacha, baba."

"Kumbe ng'ambo pacha mmoja huzaliwa Jumatatu," Mathias akasema, "mwenzake anasubiri mwaka mpya."

Recheli akaziba mdomo kwa leso. Imakulata hakucheka. Aliifuta miwani.

"Wanataka ushahidi mwingine kitabuni," Octavian akasema. "Jina la nyumbani hawalihesabu. Ila kwa kuwa ni bibi yako, nitamwombea yeye arudishwe. Huyo mmoja hawatanikatalia."

Hapo ndipo alipokosea. Imakulata aliinuka, cheti chake akakisukuma mpaka upande wa pili wa meza.

"Na hao wengine waliofutwa kosa lao nini? Kwamba hawana mjukuu humu ukumbini? Baba wa hawa alikuwa njiani na mzigo wa watu kichwani, hakuwepo hata kuwaona wakimwagiwa maji. Padri, mgeni asiyejua Kinyamwezi, aliwahesabu wawili. Leo mtu aliyekaa kwenye kiti anakuja kuniambia mimi nimezaliwa na uchovu?"

Octavian akasema pole. Imakulata akaijibu pole hiyo kwa kukaa na kuanza kufunua kurasa, moja moja, 1910, 1911, mpaka Machi 1912. Akaweka kidole kwenye kioo. "Soma."

"Yosefu. Shija. Wa Luhende, mama yule yule."

"Unajua Shija ni nani?"

"Jina tu, mama. Mimi ni mtu wa Bukoba."

"Ni mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Jina hilo hapewi mwingine. Wao wamemfuta Doto wakamwacha Shija. Sasa waulize, Shija wao anamfuata nani?"

Octavian akavuta kiti karibu. Akaeleza kwamba mstari uliofutwa unaweza kuombewa, mmoja mmoja, na kila ombi lina nafasi ya sababu, herufi arobaini tu.

Wakaanza mchana huo. Kwenye Shija walimtumia Shija kuwa ushahidi. Pasipo na Shija, Recheli alichimba vitabu vya ndoa na mazishi. Karibu yote ilikuwa ya mapacha; mstari mmoja tu, alioandika Mathias, ulikuwa umerudiwa kweli, wakamtania mpaka akatoka nje kuangalia baiskeli yake. Bibi yake Imakulata alimweka mwisho kabisa, asije mtu akasema amependelewa.

Walimfikia Alhamisi iliyofuata. Octavian, aliyekuwa ameahirisha basi lake mara mbili, akasukuma cheti tena mezani.

"Bado," Imakulata akasema. "Nitakichukua watakaporudi wote arobaini."

Akavaa miwani, akaandika: Ni wawili. Muulizeni Shija.