Migomba ya karatasi ya Mama Kavira

Leo nimeshindwa na mama muzee ambaye hata hakubishana.

Mnanijua, mimi hubishana hata na redio.

Mama Kavira hawezi tena kusafiri hadi shambani kwake, Butembo. Miguu imekataa. Binti yake akaniomba nimtengenezee shamba hilo, dogo, la kukaa juu ya meza, na nyumba yake katikati. Wiki tatu nimekata majani ya migomba kwa karatasi, nimeyapaka rangi, nimeyatia waya. Hakuna hata moja lenye kasoro.

Asubuhi nikalipeleka shamba hilo kwao, mtaani Ndosho. Akaliangalia.

"Papa, shamba hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Hapana. Kwetu kuko upepo."

Nikaanza kumfundisha mambo ya sanaa. (Ndiyo, nilianza. Chekeni tu.)

Yeye akapasua jani la kwanza kwa ukucha, toka ukingoni hadi katikati. La pili. La tatu.

"Mama, unaharibisha kazi ya mutu!" binti akapaza sauti.

"Wacha. Niko karibu kufika."

Nikatazama tena. Sasa ilikuwa migomba kweli.

Nyinyi mliokulia shambani, mbona hamkuniambia kwamba upepo huyapasua majani?

Nikavuta kiti, nikaanza kupasua majani ya upande wa pili wa nyumba.

"Polepole, papa," akaniambia. "Huko nyuma ya nyumba upepo si mukali."