Kiti Chekundu cha Mzee Hamadi

Nikisema nina aibu musicheke kwanza, ngojeni nimalize, halafu mwenye meno ya kucheka acheke, kwa sababu jambo hili nililifunga mdomoni hata kwangu nyumbani, mpaka mke wangu akalisikia kwa wanawake wa Goma sokoni, akarudi akaweka kikapu chini na kuniuliza, "Rajabu, ni kweli?" Ni kweli. Yote ni kweli, na mengine walimpunguzia.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala, na mimi nilikuwa fundi cherehani pale Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, kijana mwenye mke mmoja na majivuno ya watu wanne. Jirani yangu alikuwa Mzee Hamadi, muuza vitambaa na chumvi, mtu wa heshima, swala ya kwanza msikitini na salamu kwa kila mtu. Mzee Hamadi alikuwa na gari. Si gari kama hizi munazoziona sasa, hapana, gari ya wazi, ya zamani sana, taa mbili za shaba zimetoka mbele kama macho ya chura, magurudumu yana njiti kama baiskeli. Aliinunua kwa Mbelgiji mmoja wa kahawa aliyerudi kwao kabla ya vita. Ikatembea miaka, ikafa, akaiweka juu ya matofali nyuma ya nyumba, na kuku wakahamia ndani bila kuuliza mtu.

Sasa binti yake wa mwisho, Zaituni, akachumbiwa na kijana wa Goma anayeitwa Yakubu. Mzee akaapa kwamba mtoto wake atakwenda kwa mumewe ndani ya gari ile, na gari yenyewe itakuwa kama siku ilipotolewa kwenye sanduku lake, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Alikuwa na kitabu kidogo kilichokuja na gari, cha picha na Kifaransa, anakihifadhi ndani ya kitambaa kama hirizi. Sefu, fundi makanika, alipofunga honi ya lori (ile ya zamani ilikuwa imeoza kabisa), Mzee alifungua kitabu polepole.

"Sefu, mu kitabu iko hivi?"

"Hapana, Mzee, lakini hii inalia vizuri."

"Sikuuliza kama inalia. Toa."

Sefu akatoa. Akatafuta honi ya mpira mpaka akaipata, akanyoosha mabati, akakwangua rangi nyeusi, akakuta ya kijivu, akakwangua ya kijivu, na mwisho chini ya bawaba ya mlango akakuta kipande kidogo cha kijani, kijani cha jani changa la mgomba, na Mzee alipokiona alikaa chini akakigusa kwa kidole. Ndipo nikaelewa kwamba kwake haikuwa mchezo.

Kazi yangu ilikuwa paa la turubai na viti. Viti vilikuwa vimefunikwa maturubai ya lori, na nilipoyafungua nikakuta chini ngozi yenyewe ya kuzaliwa, haikupasuka sana, lakini imekauka kama samaki wa wiki mbili, na rangi yake imekuwa ya matope. Mzee akanipa kitabu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa mapadri, nikasoma kwa sauti ili watu wasikie: "Cuir rouge." Ngozi nyekundu.

"Bon," akasema Mzee. "Ngozi hiyo usiitupe. Irudishie rangi yake."

Rangi ya ngozi, ile inayoingia ndani na haitoki, wakati ule ilipatikana Bukavu. Nilitakiwa kuandika barua, kumpa mtu wa meli, meli ishuke nayo ziwani, irudi na rangi. Barua niliiandika. Siku ya meli barua ilikuwa mfukoni, hapa kifuani. Lakini asubuhi ile nilikuwa nashona gauni la Zaituni (ndiyo, gauni la harusi pia nilishona mimi, hariri nyeupe, lisingekuwa hilo labda leo ningekuwa na usingizi mzuri), na nikajiambia nimalize mkono huu mmoja halafu nishuke bandarini. Nikamaliza mkono wa kwanza, ukaniita wa pili, na nilipoinua kichwa meli ilikuwa imeshapiga honi na kwenda.

Hapo mtu mwenye akili angetembea hatua thelathini mpaka kwa Mzee na kusema, "Mzee, nimechelewa meli." Angenitukana, ingeisha. Mimi nilinyamaza, na kila siku niliyonyamaza ikafanya ya pili kuwa ngumu zaidi, mpaka zikabaki siku tano, na meli nyingine haifiki kabla ya harusi.

Nikaenda kwa fundi viatu pale njiani, nikamwambia nipe siraji nyekundu (ile rangi ya kung'arishia viatu), mikebe yote uliyo nayo.

"Una viatu vingapi, Rajabu?" akaniuliza.

"Ni kiti."

Akaacha sindano. "Siraji ni ya viatu. Kiatu watu hawakikalii."

Maneno yenye hekima kama hayo nimeyasikia mara chache maishani, na siku ile niliyacheka. Nikarudi nyumbani, na kwa kuwa ngozi ilikuwa kavu na siraji inagoma kuingia, nikaiyeyusha juu ya moto pamoja na mawese, mafuta yale yale mekundu mazuri ya kupikia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nikapaka. Yebabawe! Kiti kiliwaka kama embe lililoiva. Nilimwita Sefu aje aone, akaona, akanusa, akaniangalia.

"Hii njo rangi ya Bukavu?"

"Njo hiyo," nikamwambia, kisha nikaona haamini, nikamnong'oneza ukweli na kumwapisha asiseme.

Usiku nilikipitishia kitambaa cheupe, kikatoka na wekundu kidogo. Nikajiambia kitakauka. Asubuhi za Gisenyi munazijua, baridi ya ziwa na ya milima pamoja, mafuta yaliganda, kiti kikaonekana kikavu kabisa. Mzee alipotaka kukaa nikamzuia, "Ngozi imekunywa rangi, Mzee, iache ipumzike mpaka siku yenyewe," na juu yake nikatandika shuka. Mpango wangu ulikuwa huo: wakae juu ya shuka, waende, warudi, halafu nitaleta rangi ya kweli kimyakimya.

Siku ya harusi ikafika. Nikaha ilishasomwa, Zaituni akatoka nje, hariri yangu inang'aa, na ninawaambia bila kujisifu (basi, kwa kujisifu kidogo) kwamba wanawake walishika midomo. Mzee katika kanzu nyeupe alikuwa anaizunguka gari na kitabu mkononi, anakagua taa, honi, njiti. Akafika kwenye kiti.

"Hii shuka ni ya nini?"

"Ya vumbi, Mzee. Njia ya Goma iko na vumbi sana."

"Mu kitabu iko na shuka?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema. Wallahi ulikuwa tayari. Nikasema, "Hapana, Mzee."

"Basi toa." Akaitoa mwenyewe, akaikunja vizuri, akanikabidhi.

Wakapanda. Sefu kwenye usukani, Mzee mbele kando yake, nyuma Zaituni na shangazi yake Bi Mwajuma, ambaye alivaa buibui jeusi (lishikeni hilo buibui), na mimi nikasimama kwenye ngazi ya pembeni na kitambaa cha kufuta taa. Kutoka kwetu mpaka Goma si mbali, lakini Mzee alitaka watu waone, akamwamuru Sefu apite kwanza njia ya ziwani mbele ya nyumba za Wazungu, polepole, kisha arudi, kisha apite tena. Jua likapanda. Paa lilikuwa limekunjwa ili bibi harusi aonekane. Tulipovuka kizuizi cha mpaka na kuingia Goma nikamsikia Zaituni nyuma yangu:

"Shangazi, mbona inanuka sombe?"

"Ni njaa yako, mwanangu. Tulia."

Mimi nikafuta taa. Ilikuwa safi, nikaifuta.

Nyumbani kwa Yakubu watu walijaa mpaka njiani, ngoma, vigelegele, na mama yake Yakubu mbele ya wote, mwanamke mrefu mwenye sauti. Mzee hakushuka. Alikuwa amemwita mpiga picha na alitaka apigwe akiwa ndani ya gari, peke yake na Sefu, na yule mtu alikuwa ameshaingia chini ya kitambaa chake cheusi na kumwambia asitikisike. Kwa hiyo Zaituni akashuka kwanza. Alipiga hatua tatu, nne, akageuka kumsubiri shangazi yake, mgongo ukawaelekea wanawake wa Goma.

Vigelegele vilikatika.

Munaelewa walichokiona. Nyuma ya gauni jeupe, pale mtu anapokalia, doa jekundu kubwa kama sahani, linashuka mpaka kwenye mapaja.

Mama Yakubu alimshika Bi Mwajuma mkono, akafanya kama anamvuta pembeni, lakini sauti yake haikwenda pembeni hata kidogo. "Mwajuma, mulijua? Mbona munatuletea mutoto namna hii, siku kama hii? Muko watu gani?" Mwanamke mmoja akasema ni nuksi. Mwingine akasema labda ni ugonjwa, afadhali uonekane mapema. Bi Mwajuma mwenyewe, Mungu amsamehe, alimfunga mtoto kitenge kiunoni huku anamlaumu, "Ungeniambia mimi, Zaituni, ungeniambia!" Na Zaituni, ambaye nilimshonea nguo tangu hajaota meno ya mbele, alikuwa analia na kusema, "Si yangu. Si mimi, shangazi. Wallahi si yangu." Hakuna aliyemwamini.

Mimi nilikuwa mbele ya gari, mita mbili kutoka kwake, kitambaa mkononi, nafuta taa tena. Nilijua. Katika watu wote wale, mimi na Sefu tu tulijua. Sefu akainama juu ya usukani, akaniambia polepole, "Rajabu. Sema."

Nikamjibu, "Ngoja kwanza."

Hayo maneno mawili ndiyo aibu yangu. Mengine ni vichekesho tu. Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja, sijui, mvua inyeshe, ardhi ipasuke, mtu mwingine aanze. Mtoto wa watu analia mbele ya wakwe zake, mimi nangoja.

Aliyemwokoa hakuwa mimi. Mzee alisikia kilio, akamwacha mpiga picha chini ya kitambaa chake, akashuka haraka, akapita mbele ya watu kumkimbilia binti yake, na kanzu yake nyeupe kwa nyuma ilikuwa nyekundu kumzidi Zaituni, maana Mzee alikuwa mnene na alikikalia kiti vizuri. Macho yote yakamfuata nyuma. Kisha bibi kizee mmoja wa Goma akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Na Mzee naye?"

Yebabawe, kicheko! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Mwajuma akajipapasa nyuma ya buibui, mkono ukarudi mwekundu. Mama Yakubu akaenda kwenye gari, akagusa kiti, akanusa kidole.

"Mawese," akasema. "Ni mawese!"

Mzee alinigeukia. Hakupandisha sauti. "Rajabu. Hii ni rangi ya Bukavu?"

Na munajua nilisema nini? Hata hapo! Nilisema, "Ni jua, Mzee, jua la leo ni kali..." Halafu nikamwona Zaituni ananitazama juu ya bega la shangazi yake, machozi hayajakauka, na uongo ukaniishia. "Ni siraji, Mzee. Siraji na mawese. Barua ya Bukavu sikuituma."

Mzee akachukua kitabu chake pale kitini, jalada limeshaloa wekundu, akanipa mbele ya watu wote. "Tafuta mule ndani," akasema, "mahali imeandikwa mawese."

Nilidhani anatania. Hakutania. Alisimama, mikono nyuma juu ya lile doa, akangoja, na mimi nikafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, vidole vyangu vyekundu vinachafua picha, na Goma nzima inatazama. "Haiko, Mzee," nikasema. Akachukua kitabu akaenda ndani.

Harusi iliendelea. Mama Yakubu alimkumbatia Zaituni hadharani, akamwambia, "Mwanangu, nimekosa, ulimi wangu umenitangulia," akamvika nguo yake mwenyewe ya hariri ya kijani, na watu walicheza mpaka jioni. Mimi nilirudi Gisenyi kwa miguu.

Baadaye rangi ya kweli ilikuja na meli, nikakisafisha kiti kwa sabuni na majivu siku nyingi, nikakipaka upya, Mzee akakikalia akiwa na kanzu nyeupe, akainuka, akajitazama, akasema "Bon", na tangu hapo nguo zake alishonewa na fundi mwingine. Gauni halikusafishika. Nikashona jingine, nikampelekea Zaituni Goma, nikamwomba msamaha barazani huku chai inapoa. Alilipokea, akalitazama mishono yake, akalikunja.

"Siraji nimekusamehe siku ile ile," akaniambia. "Lakini kaka Rajabu, mimi nilikuwa nalia pale, nakuona unafuta taa."

Nikainuka, nikavaa viatu, nikaiacha chai. Nilichoondoka nacho ni woga mmoja tu: woga wa kuchelewa kusema. Mwezi uliofuata nilichoma kwa pasi suruali ya karani mmoja wa posta, suruali ya sufu, mpya. Sikungoja aje kuichukua. Nilifunga cherehani, nikaenda nayo mpaka ofisini kwake, nikamwonyesha tundu mbele ya watu waliopanga mstari, akanitukana kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda mpaka akachoka, na mimi nikarudi nyumbani, nikala, nikalala.