Zizi la Kiyoyozi

Mashine ya nje ya kiyoyozi chetu ilikaa ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la jirani. Tuliikuta hapo tulipohamia mtaa huu wa Beechmont, huku ughaibuni. Ndani kwetu haikusikika. Sisi tulipata baridi, jirani akapata mngurumo.

Jirani huyo alikuwa Mtanzania, mama wa makamo aliyetunza wazee usiku na kulala mchana. Mtaani ni yeye tu aliyeingia kwetu bila kupiga simu kwanza. Mke wangu, ambaye magoti yalishamfungia ndani, alimsubiri kila jioni. Walimenya viazi pamoja, wakibishana ugali wa nani ndio ugali.

Kiangazi kimoja akanisimamisha uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Hiyo mashine yenu inanimaliza. Jana nimesinzia nikimlisha bibi wa watu. Nikiendelea hivi nitafukuzwa kazi. Dada yangu wa Columbus ananiita nihamie kwake, na nimeanza kumsikiliza."

Nikacheka, nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu. "Bon, kwetu milimani ukisikia masini inanguruma, unajua hapo kuna mutu anaishi vizuri."

"Basi ishi vibaya kidogo, mzee, na mimi nilale."

Mke wangu alikuwa amesikia kutoka dirishani. "Papa, huyu akienda, nitaongea na nani? Na televisheni?"

Nikanunua mbao. Nilijenga kama baba yangu alivyojenga zizi la ndama kule milimani, ambako upepo wa ukungu huua ndama wachanga: mbao zimebanana, pasipo tundu hata la kupitisha kidole. Juu nikatandika blanketi nzito. Sikumuuliza mtu. Nimechunga ng'ombe tangu utoto, niulize nini kuhusu zizi?

Sauti ikashuka. Jirani akaleta chapati. "Leo nimelala mpaka nikasahau nipo nchi gani," akasema.

Lilipokuja joto kali, mashine ikaanza kukoroma, kisha kupiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa. Nilimpigia mwanangu aliye Buffalo. Akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, halafu akanihurumia, akahamia Kiswahili.

"Papa, umeifungia? Ile inatoa joto la nyumba nje. Bila upepo itakufa."

Nilibomoa zizi siku hiyo hiyo, lakini feni ilikuwa imeshaharibika. Mafundi walikuwa na kazi nyingi, tukaambiwa tusubiri. Ningeweza kuizima. Sikuizima, kwa sababu mke wangu hakuweza kuvumilia joto, na mimi pia sikutaka kulivumilia. Jirani aliacha kuja jioni. Baadaye tukasikia kwamba kazini wamempa onyo.

Fundi alipofika alibadilisha feni, akaweka vipande vya mpira chini ya miguu ya mashine, akakaza skrubu ya bati la ubavuni lililokuwa likitetemeka miaka yote. Skrubu ile ningeikaza mwenyewe. Kisha akanionyesha jinsi ya kusimamisha mbao upande wa jirani tu, mbali kidogo na mashine, juu pakiwa wazi. Baada ya hapo, ili kuisikia ilibidi uache kuongea.

Jirani alikuja kuaga, gari likiwa limeshapakiwa. Alisimama kando ya ukuta akasikiliza.

"Kumbe iliwezekana," akasema.

"Iliwezekana," nikamjibu.

Sasa nyumba ile anakaa kijana anayevaa visikilizio masikioni hata akitoa takataka. Jumapili yule mama humpigia mke wangu kutoka Columbus, na mke wangu humenya viazi simu ikiwa mezani. Majuzi nilisikia sauti yake kwenye simu ikiuliza, "Na ile mashine?"

Mke wangu alijivuta mpaka dirishani, akaitoa simu nje na kuishikilia hapo, mashine ikiendelea kufanya kazi.

"Mbona sisikii kitu?" sauti ikasema.

"Ndiyo hivyo," mke wangu akajibu, akafunga dirisha.